Koti la Mzee na Biti za Sirari

Nimezaliwa Gorong'a na sauti kubwa, na tangu hapo watu wanahangaika kuipunguza. Shuleni mwalimu wa kwaya aliniweka mstari wa nyuma, akaniambia niwe nafumbua mdomo tu nisitoe kitu. Nilipoolewa huku Busawe, shangazi aliniketisha kunifundisha kuishi na wakwe, na mafundisho yake karibu yote yalihusu koo langu. Nisicheke kwa nguvu. Nisimwite mtu kutoka mbali. Baba mkwe asije akasikia sauti yangu ikipanda, hata siku moja.

Na baba mkwe kwetu si mtu wa kuzoeana naye. Hatupeani mkono, hatuketi chumba kimoja, vitu vyake sivigusi. Akiwa na neno kwangu analipitisha kwa mama mkwe. Mama mkwe asipokuwepo, anamwambia mtoto niliyembeba mgongoni, huku yeye ameangalia pembeni, kana kwamba mtoto ndiye karani wangu. Nami namjibu kupitia kwa mtoto huyohuyo, ambaye wakati huo alikuwa hajui hata kutamka maziwa. Nimesoma mpaka kidato cha nne nije niongee na ukuta kwa kumtumia mtoto.

Kwa hiyo hasira zangu zilikuwa na njia mbili za kutokea. Moja ni jembe. Nyingine ni muziki.

Muziki wenyewe si wa kwaya. Ni huu unaotengenezwa kwa kompyuta, ngoma ambazo hazijawahi kuona ngozi ya ng'ombe, besi inayoingia kwa miguu kabla haijafika masikioni. Niliupata nikiwa bado msichana, kwa sababu watu wa kwetu wakienda Sirari, mpakani na Kenya, walikuwa wanarudi na memori kadi zilizojaa. Huko nyimbo zinavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Nilikuwa naazima kadi, naingiza kwenye simu, nasikiliza nikiwa nachunga mbuzi, na kila nikikuta kitu kipya nasimama palepale. Mbuzi wamekula mihogo ya watu kwa sababu hiyo, nami nikachapwa, nikasikiliza tena.

Kilichonimaliza zaidi ni rimiksi. Unaujua wimbo, umeuimba mpaka umekuchosha, halafu siku moja unaukuta umefanyiwa kitu. Ni kama umekwenda shamba, nyuma mtu kaingia nyumbani kwako, kahamisha kitanda, katoboa dirisha upande linakochomoza jua. Unarudi, nyumba ni yako ileile, sufuria ni zako, lakini hujawahi kuiona. Unasimama mlangoni unaogopa kuingia. Mpaka leo sijui kitu kingine kinachonifanya hivyo, na nimezaa.

Mwalimu wa fizikia aliwahi kutuchorea mawimbi ya sauti ubaoni. Nilimuuliza mawimbi hayo yakishatupita yanakwenda wapi. Akaniambia nikae chini.

Sasa nyani. Anayelima karibu na miamba kama sisi anajua kwamba nyani hawamwogopi mwanamke. Mwanaume akitokea mikono mitupu, wanakimbia. Mwanamke akija na panga, wanamtazama na kuendelea kula. Mume wangu anafanya kazi kwenye kambi za watalii upande wa Robanda, anarudi mwisho wa mwezi. Baba mkwe miguu imemchoka. Anayebaki shambani ni mimi, mtoto mgongoni, na koti.

Koti lilikuwa la baba mkwe, refu, zito, la siku zake za nguvu. Alipoacha kulivaa akaamuru litundikwe kwenye mti katikati ya mahindi liwe sanamu la kutishia nyani. Liliwatisha msimu mmoja. Baadaye wakazoea, mpaka nikakuta mmoja ameliegemea anajikuna.

Siku yenyewe baba mkwe na mama mkwe walikuwa wamekwenda msibani. Mimi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, tulikuwa shambani. Dume moja la nyani likavunja hindi, likaketi, likanitazama usoni, likawa linamenya ganda polepole kama bwana mkubwa aliyekaribishwa mezani. Nilimpa wifi mtoto. Nikaenda kwenye mti, nikalivua lile koti, nikalivaa, nikafunga vifungo mpaka shingoni. Nikashika fimbo.

Halafu nikaachia koo. Miaka yote ya kufumbua mdomo bila kutoa kitu ilitoka siku hiyo. Niliwatukana kwa Kikurya, niliwatukana kwa Kiswahili, na katikati nikapiga kelele: "Mnaliona koti hili? Koti la mzee hili. Leo mzee ni mimi." Mwishoni maneno yakaniishia, nikabaki na ukelele mmoja mrefu usio na neno, nao ukapiga kwenye miamba ukarudi.

Walikimbia. Dume liliacha hindi likiwa nusu.

Nilipogeuka, wifi alikuwa ameanguka chini kwa kicheko, mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine umeinua simu usoni. Nilidhani anajikinga jua. Nikalirudisha koti kwenye mti, nikamwambia asithubutu kusema nyumbani. Akaapa. Na kweli, nyumbani hakusema.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa nilipokwenda Mugumu siku ya mnada. Mimi nikifika Mugumu, kabla ya chumvi, kabla ya sabuni, napita kwenye kibanda cha kaka mmoja anayechaji simu na kuingizia watu nyimbo. Ananijua. Huwa ananiwekea vipya pembeni kwa sababu sichukui takataka, na kwa sababu niliwahi kumwambia mbele za watu kwamba anauza nyimbo zilizooza.

"Dada," akaniambia, "leo nina kitu. Mshike mtoto vizuri."

Akageuza spika kubwa kuelekea barabarani.

Wimbo ulianza chini kabisa, kama mtu anayegonga mlango wa bati kwa kiganja, nyumba ya tatu kutoka kwako. Juu yake kikaja kitu chepesi, kama mtama unaopepetwa kwenye ungo. Nikafumba macho. Besi ikaingia, si kwa kishindo, ikaingia kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Nikajua hiki ni kipya, hiki sijawahi. Vinyweleo vya mikono vilisimama.

Kisha mtoto mgongoni akashtuka. Aligeukia spika. Akanigeukia shingoni. Akageukia spika tena, halafu akapitisha mkono wake mdogo mbele, akanishika mdomo, kuona kama unatembea.

Ndipo nikasikia. Le, le, le, leo. Leo mzee. Leo mzee ni mimi.

Mtoto alinijua kabla sijajijua.

Sina namna nzuri ya kueleza kilichonipata pale, na huwa sikosi maneno. Lile koo walilokuwa wanalizima tangu shule, wamelichukua, wamelikata vipande, wamekipanga kila kipande juu ya ngoma, na kila kipande kimekaa mahali ambapo kilitakiwa kikae tangu dunia iumbwe. Ule ukelele wangu wa mwisho, usio na neno, waliuvuta, wakaupandisha polepole, ukapanda, ukapanda, ngoma zote zikakatika, pakawa kimya kama kaburini. Halafu sauti yangu peke yake, kavu: "Koti la mzee hili." Na besi ikarudi. Waendesha bodaboda wawili waliokuwa wameegemea pikipiki zao wakaanza kutikisa mabega kama wako ngomani. Mama muuza nyanya aliimba maneno yangu bila kunitazama, anapanga mafungu yake.

Nilisimama katikati yao, koo langu liko kila mahali isipokuwa kwangu.

Kaka wa kibanda akaniambia hiyo ni ya tatu. Ya kwanza ilitoka Sirari, ya polepole. Ya pili wameifanyia singeli huko Dar es Salaam, inakimbia mpaka sauti imekuwa kama ya ndege. Hii ina ngoma za amapiano, zile za Afrika Kusini, na kuna nyingine inakuja. Nikamuuliza, nikijikaza, anayeimba ni nani.

"Wanasema ni bibi mmoja wa Kenya," akasema. "Ameshakufa."

Kwa hiyo nimekufa, tena nimefia Kenya. Nilitaka kumrukia. Nikamwambia aniwekee zote tatu.

Njiani kurudi, mshangao ulikuwa bado haujanitoka ndipo hofu ikaingia. Kuna boma la jirani, mke wa pale alimpandishia sauti mkwe wake mnadani. Wazee wakakaa kikao, akarudishwa kwao. Watoto wakabaki, kwa sababu ng'ombe wa mahari walishatolewa. Mimi pia ng'ombe wangu walishafika Gorong'a, wakazaa, wakatawanyika kwa kaka zangu. Nikirudishwa, narudi peke yangu. Na kosa la yule jirani lilikuwa sauti tu. Mimi nimevaa nguo ya baba mkwe na kujitangaza kuwa mzee ni mimi, na sasa nchi nzima inacheza. Redio ya baba mkwe ina tundu la memori kadi.

Wifi nilimkamata kisimani. Hakukataa kwamba alinirekodi.

"Wifi yangu, si nilituma kwenye kundi letu tu," akasema.

"Kundi lenu lina watu gani?"

Akafikiri. "Tuko wengi."

Katika hao wengi kuna mmoja aliyeipeleka kwa mtu wa Sirari anayetengeneza biti. Ni hivyo tu. Hakuna aliyeniuliza. Hilo linanichoma mpaka leo, sitadanganya. Ungeniuliza ningekataa, ndiyo, lakini ungeniuliza.

Mume wangu akapiga simu kutoka kambini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wapishi wanaicheza jikoni kutwa, na kuna mahali anasikia kama mtu anayemjua. Akaniomba nimwambie si mimi. Nikamwambia ni mimi.

"Basi," akasema, "usiongee tena mpaka nirudi."

Kama vile nilikuwa nimepewa nafasi ya kuongea.

Halafu ikaingia nyumbani yenyewe, kwa mlango ambao sikuutazamia. Mama mkwe alirudi kutoka mashine ya kusaga, akaketi kupukuchua mahindi nami nimeketi mkabala wake, akaanza kuvuma. Leo mzee ni mimi, mm, mm. Aliuokota huko mashineni bila hata kujua ameuokota. Nilikuwa napukuchua gunzi lisilo na punje, na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa nastaajabu. Maneno yalitoka kinywani mwangu kwenye shamba lile pale, yakaenda Sirari, yakashuka Dar es Salaam, yakapanda, na sasa yako kinywani mwa mama mkwe wangu, mbele yangu, na ana sauti nzuri kuliko nilivyojua. Mawimbi yakitupita yanakwenda wapi? Mwalimu angeniacha nimesimama ningemjibu.

Arusi ya jirani ndiyo iliyomaliza maficho. Ilikuwa mchana, spika zimepangwa kama makabati, wazee wameketishwa kwenye kivuli cha turubai, baba mkwe katikati yao. Mimi nilikuwa na wapishi. Dijei akauweka ule wa tatu. Watu waliinuka hata waliokuwa wanakula. Bi arusi alicheza, mchungaji alitikisa kichwa.

Baba mkwe hakutikisika. Aliweka kikombe chini. Akainamisha kichwa na kukilaza upande, macho kayafumba, kama anavyomsikiliza ng'ombe anayetaka kuzaa. Ni lazima niseme hapa kwamba baba mkwe wangu ni mpiga litungu, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane linaloungurumia tumboni. Alialikwa arusi nyingi kabla ya spika kuja kumstaafisha. Masikio yake si ya kuchezewa. Ilipofika pale kimya kinapoingia na sauti yangu ikasema koti la mzee hili, alifumbua macho. Akachukua fimbo yake akaondoka, wimbo ukiwa haujaisha.

"Amejua," wifi akaninong'oneza.

Nilisugua masufuria ya watu mpaka mwisho. Nyumbani nikafunga nguo za mtoto kwenye kanga. Nilishaamua. Wakinitoa, natoka naye, na wao wanifuate Gorong'a na kikao chao na ng'ombe wao, tuone nani ana sauti.

Asubuhi nilikuwa nyuma ya jiko nawasha moto, mtoto mgongoni, nikasikia fimbo. Baba mkwe alikuja akasimama hatua kadhaa, mgongo kwetu, uso kwenye uzio.

"Mjukuu wangu," akasema.

Mtoto akacheka kusikia anaitwa.

"Mwambie mama yako, jana nimelisikia koti langu linaimba."

Moto ulikuwa unakataa kuwaka na mimi sikuwa na pumzi ya kuupuliza.

"Mwulize, wale nyani walikimbia?"

Nikaweka kuni chini. "Mwambie babu, walikimbia wote."

Alichora kitu chini kwa fimbo.

"Wote," akasema. "Mimi nikilivaa, wawili walikuwa wanabaki."

Sikucheka. Nasema kweli sikucheka, niliuma kanga. Mabega yake, niliyaona kwa nyuma, yalikuwa yanatikisika.

Kisha akasema, bado na uzio, kwamba koti nisilirudishe kwenye mti, ni kulipotezea muda. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliye kazini. Alitaka kujua nani kaacha shimo pale. Pale ngoma zinapokatika na sauti inabaki peke yake, chini hakuna kitu, mtu anaweza kuvunjika mguu. Akamwambia mjukuu wake amwulize mama yake kama kile kitu kinaweza kurudiwa, akisikilize bila makelele ya walevi.

Nilikileta kispika changu kidogo, nikakiweka juu ya kigoda katikati ya uwanja, nikarudi nyuma mpaka mlangoni kwangu. Yeye akatoa litungu, lina vumbi. Akakaza nyuzi. Nikauanzisha ule wa polepole, wa Sirari, nao una shimo lilelile, yeye amekaa pembe ile na mimi pembe hii, hatutazamani.

Mara ya kwanza alisikiliza tu. Mara ya pili, kimya kilipoingia, akauweka uzi mmoja mle ndani. Mmoja. Ule wa chini kabisa.

Nimesikiliza besi nyingi. Zile za kompyuta zinaingia kwa miguu, nimeshasema. Hii ilitoka ardhini ikiwa tayari na umri. Sauti yangu ya kichaa ilikuwa imesimama hewani peke yake muda wote ule, na sasa ikapata mahali pa kukanyaga. Kuku walinyamaza. Mama mkwe alitoka ndani, unga mkononi, akasimama, na nilimwona akielewa kila kitu kwa mara moja: koti, nyani, wimbo aliokuwa anavuma. Akaweka mkono wa unga mdomoni. Mtoto akapiga makofi nje ya mdundo. Tukarudia mpaka chaji ikakata, na mara moja nilibonyeza kurekodi, kwa sababu katika nyumba hii sasa tumeshajua kurekodi bila kuuliza.

Kikao hakikukaa. Waliokuja kuchokonoa waliambiwa na mwenye koti kwamba koti halijapotea. Ile kanga niliifungua, nguo za mtoto nikazirudisha kwenye kamba.

Wifi aliniambia nishukuru. Nishukuru nini? Kwamba nimeruhusiwa kubaki na mtoto niliyemzaa, kwa sababu mzee ana masikio mazuri? Angekuwa kiziwi je? Yule jirani hakuwa na biti chini ya sauti yake, ndiyo maana watoto wake wanalala bila yeye. Nalivaa koti shambani sasa, mtoto ndani yake anachungulia kwenye kifungo cha juu, na nikipiga kelele sipunguzi, na hasira iko palepale. Lakini nikiweka kile nilichorekodi, ule uzi mmoja ukiingia, bado nasimama. Hata nikiwa na ndoo kichwani, nasimama.

Nilikituma Sirari, kwa yule mtu wa biti, kupitia kundi lilelile la wengi. Nilimwandikia kwamba bibi hajafa, si wa Kenya, na hili ndilo linalokosekana kwenye shimo lake. Hajajibu. Imetoka rimiksi nyingine katikati hapa, mtu ameweka mbwa wanabweka, ni takataka, nimemwambia kaka wa kibanda aifute.

Mtoto ameanza kusema. Kila jioni baba mkwe akirudi kutoka kutazama ng'ombe anasimama kwenye uzio, mgongo kwetu.

"Mjukuu wangu, mwulize mama yako. Wamejibu?"

Mimi niko palepale, nasikia. Mtoto ananigeukia, ananiuliza kwa macho, natikisa kichwa, naye anageuka anamfikishia mwenyewe, kwa sauti ambayo inasikika mpaka kwa jirani, na hakuna anayemwambia aipunguze.

"Bado, babu."